Nyumba ya Mbao Tuliyoinunua

Katika mikutano yetu swali moja hurudi kila mara: mwenye fedha kidogo aanzie wapi ili fedha hiyo izae? Sisi tulilijibu swali hilo kwa kununua nyumba kuukuu ya mbao. Tunawasimulia yaliyotupata, faida pamoja na aibu, kwa kuwa mwenye kusimulia faida peke yake huwapoteza wanaomsikiliza.

Tulikuwa wanane, wavulana watano na wasichana watatu. Tulikutana kila Jumamosi Nyawera, si mbali na mahali alipouawa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa tarehe 29 Oktoba 1996. Mwaka 2017 tulianza kuweka akiba kwa desturi ya MUSO: kasha la kijani kwa akiba na mikopo, kasha jekundu kwa magonjwa na misiba. Kila mmoja alitoa dola 3 kwa mwezi katika kasha la kijani. Baada ya miezi 14 tulikuwa na dola 336.

Kwa fedha hiyo hakuna mtu anayeweza kununua kiwanja Bukavu, parseli kama tusemavyo, hata kwenye mteremko ule ambao mvua huubomoa kila mwaka. Lakini tuliona kitu ambacho wengi hukipita bila kukitazama. Katika mji wetu nyumba ya mbao huweza kuuzwa peke yake, pasipo ardhi. Nguzo za mikaratusi, mbao, mabati, mlango na madirisha mawili huvunjwa asubuhi, hubebwa kichwani na mabegani, kisha husimamishwa upya mahali pengine. Goma nako, baada ya moto wa Nyiragongo wa Januari 2002, watu wengi walijenga kwa mbao juu ya mawe yale meusi ya volkano. Hata Marekani watu wa kipato kidogo hununua nyumba zilizotengenezwa kiwandani na kusafirishwa juu ya magurudumu, ambazo tangu tarehe 15 Juni 1976 zina kanuni zake za serikali kuu. Wengi wao wana shida tunayoijua sisi: nyumba ni yao, ardhi ni ya mwingine, na kila mwezi wanailipia ardhi.

Basi tulitafuta nyumba. Tuliambiwa kuhusu mama mmoja muuza sambaza aliyekuwa akiuza yake, vyumba viwili, kwa dola 400. Tuliambiwa pia kwamba ana haraka. Tukapunguza bei, tukapunguza tena, na kila alipokubali tulitazamana kwa furaha. Tulimaliza kwa dola 280. Jioni ile tulimshukuru Mungu kwa kutufungulia mlango.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda na nyundo na mtarimbo kuivunja. Mvua ilikuwa ikinyesha. Mama alitufungulia, akasema kwa sauti ya chini: “Wanangu, ngojeni kwanza mvua ikatike, watoto bado wako ndani.” Tuliingia. Watoto watatu walikuwa wamekaa kitandani. Kwenye ubao wa ukuta, kwa makaa, mtu alikuwa ameandika hesabu za kuzidisha, na kando yake kulikuwa na mistari midogo ya kupimia urefu wa watoto, mwaka hata mwaka. Ndipo tulipouliza swali ambalo tungaliuliza kabla ya kutaja bei: kwa nini unauza? Mtoto wake wa nne alikuwa amelazwa, na fedha yetu ilikuwa imekwisha kulipwa hospitalini. Nao watakwenda kulala wapi? Akasema kwamba dada yake angewapokea kwa muda. Hakulalamika.

Tulitoka nje tukasimama chini ya ukingo wa bati, tukabishana. Mmoja wetu alisema, na neno lake halikuwa la kipumbavu: “Hatukumwibia. Alitaka fedha, tukampa fedha. Tukirudi nyuma leo, akiba ya dada zetu waliouza ndizi ili watoe dola 3 italindwa na nani?” Mwingine akajibu kwamba dola 120 tulizopunguza hazikutoka katika ubovu wa mbao, zilitoka katika ugonjwa wa mtoto. Hakuna aliyeweza kumjibu. Hatukuivunja nyumba siku ile.

Tulikwenda kwa mzee mmoja wa shirika letu, fundi seremala, tukamweleza. Hakutuhubiria. Alichukua karatasi akatuonyesha hesabu. Mama angebaki katika nyumba. Kila mwezi angetoa dola 25: dola 5 za mwenye kiwanja, na dola 20 za kuinunua nyumba yake upya, hadi zitimie dola 300. Faida yetu ingekuwa dola 20 kwa miezi 15. Tuliandika mapatano hayo, tukatia sahihi mbele ya mkuu wa avenyu.

Yule ndugu aliyebishana nasi alituacha. Tulimrudishia dola zake 42, naye akatuambia kwamba sisi si Karitasi. Hadi leo tukikutana sokoni tunasalimiana, lakini urafiki haukurudi kama zamani. Hatusemi kwamba yeye alikuwa mbaya na sisi wema. Tulimfundisha kutarajia faida, kisha tukabadili shauri siku ya kuvuna.

Mama alilipa. Mara mbili alichelewa, mara moja alileta samaki badala ya sehemu ya fedha, lakini mwezi wa 15 alimaliza. Wakati huo huo sisi saba tuliendelea kuweka dola 3 kila mwezi, nazo zikawa 315. Pamoja na 300 zake na 14 zilizobaki, tulikuwa na dola 629.

Ndipo tulipoinunua nyumba ya pili, tupu, ya mtu aliyekuwa amehamia Uvira. Safari hii tuliuliza kwanza, tukakagua kwanza. Nguzo tulizipiga kwa nyundo chini kabisa, pale zinapogusa udongo, maana ndipo mchwa huanzia. Nne zilitoa sauti ya kitu kitupu. Mabati tuliyatazama tukiwa ndani, mchana, mlango umefungwa: kila tundu la msumari huonekana kama nyota. Kwa dola 320 tuliipata. Nguzo mpya zilikuwa dola 36, mawe na saruji ya msingi 70, misumari na lami ya kuziba matundu 22, wachukuzi 48, choo 60. Jumla dola 556. Tazameni vizuri: bei ya nyumba haikufika hata theluthi mbili za gharama yote. Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara kwamba huketi kwanza akahesabu. Sisi tuliketi, tena mara ya pili tu. Ile mara ya kwanza tusingekuwa hata na fedha za misumari. Kweli rahisi ni ghali.

Kabla ya kuisimamisha, tulinumba mbao zote kwa chaki, tukazipaka mafuta machafu ya magari kuzuia mchwa. Ardhi ni ya jamaa wa mmoja wetu. Tuliandika mapatano ya miaka mitano, tukahakikisha kwamba yeye mwenyewe ana karatasi zake, kwa sababu kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi yote ya nchi yetu ni ya Dola, na mtu hushika haki ya kuitumia tu, inayothibitishwa na cheti cha uandikishaji. Anayesimamisha nyumba juu ya neno la mdomo ameijenga juu ya mchanga.

Nyumba hiyo tunaipangisha kwa wanafunzi wawili, dola 30 kwa mwezi. Dola 6 ni za kiwanja, 4 za matengenezo, 20 zinaingia kashani. Ikiwa haitakaa tupu hata mwezi mmoja, itarudisha gharama yake baada ya miezi 28. Garanti tuliyochukua ni ya miezi mitatu, wala si zaidi, kama sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inavyoagiza kwa nyumba za kukaa. Na fedha hiyo hatuili, maana ni ya wapangaji. Waya wa umeme tulimwita fundi autengeneze, kwani sote tumeshaona mitaa ya mbao ya Kadutu ikiteketea kwa usiku mmoja.

Papa Leo wa XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, alifundisha kwamba mali anayoipata mfanyakazi kwa kuweka akiba ni mshahara wake uliochukua sura nyingine. Neno hilo lilitutia moyo sana. Lakini ndani ya nyumba ya yule mama tulijifunza upande wake wa pili: hata mbao zile zilikuwa mshahara wa mtu, miaka ya kukaa sokoni na beseni la sambaza.

Vijana wapendwa, wekeni akiba, nunueni, jengeni, si dhambi. Ila mkiona kitu kinauzwa rahisi mno, ulizeni urahisi huo umetoka wapi. Ukitoka katika mbao zilizooza, mtapata hasara. Ukitoka katika machozi ya mtu, huenda msipate hasara yoyote, na hapo ndipo penye hatari. Jadilianeni katika kundi lenu: siku ile ya mvua, ninyi mngefanya nini? Na yule ndugu aliyetuacha, mngemwambia neno gani?