Usichague Vinia kwa Macho

Wasee mmeniuliza sana mbona ubao wa mawimbi umechukua miezi miwili na bado sijapost kitu. Jibu ni neno moja: vinia. Povu liko, gundi iko, umbo limeshakatwa. Kilichobaki ni ngozi ya mbao ya juu na chini, na hapo ndipo kila mtu Lodwar amegeuka mtaalamu. Mjomba anasema plaiwudi. Mabeshte wanasema mahogani, itoke fiti kwa picha. Babu naye aliuliza swali moja tu, nitalifikia.

Kwanza tumalize ile kejeli ya "surfing Turkana, unaota?" Ziwa letu ni refu, karibu kilomita 250, na upepo wa kusini-mashariki hupiga kwa nguvu usiku hadi asubuhi. Upepo huo unasukuma maji kuja upande wetu wa magharibi. Nenda Eliye Springs mapema uone kama hakuna mawimbi. Si ya Hawaii, sawa, lakini yanabeba mtu. Mamba pia wako, kwa hivyo uliza wavuvi wa pale wapi pa kuingia na wapi pa kutazama tu. Na vaa jaketi la kuokolea maisha, hata kama unajiona samaki.

Sasa, ubao wenyewe. Chukua kipande cha polisitirini, lile povu jeupe linalokuja na friji mpya. Ukilikunja kwa mikono linavunjika. Chukua vinia, ule utando wa mbao usiofika hata milimita moja, unakunjika kama gazeti. Lakini gundisha vinia juu na chini ya povu, halafu jaribu kukunja. Haiwezekani! Ukisimama juu yake, ngozi ya juu inabanwa na ya chini inavutwa, na povu katikati linazizuia zisikaribiane. Vitu viwili dhaifu vimeshikana vikawa kitu kimoja kigumu. Ndiyo maana nyuzi za mbao lazima zilale kwa urefu wa ubao, si kwa upana. Ukizilaza kwa upana umejitengenezea biskuti.

Mbao gani basi? Nilipiga hesabu. Ubao wangu ni futi nane, kwa sababu shiti ya plaiwudi huja futi nane na sitaki kuunga. Nyuso zake mbili zikijumlishwa ni kama mita mraba 2.2. Plaiwudi ya milimita 3 itaongeza karibu kilo tatu na nusu. Vinia ya milimita 0.6 haifiki kilo moja. Mjomba, nakupenda, lakini hizo kilo mbili na zaidi ni mimi nitazibeba kwenye mchanga wa moto.

Mahogani je? Manze ni nzuri, sitadanganya. Ile nyekundu ya kahawia ikipakwa epoksi inang'aa kama mlango wa mheshimiwa. Shida ni jua. Hapa kivuli chenyewe kinafika nyuzi 35 na kuendelea, na kitu cheusi kikiachwa juani kinapata joto zaidi sana ya hapo. Polisitirini huanza kulegea ikikaribia nyuzi 80. Hewa iliyo ndani inatanuka, inatafuta njia, na vinia inaanza kuvimba kama chapati. Mtu wa California anaweza kuchagua rangi kwa mapenzi. Mtu wa Lodwar anachagua rangi kwa kipimajoto. Mbao nyeupe, basi, na tundu dogo lenye skrubu la kupumulia, unalifungua ubao ukiwa nchi kavu.

Wengine wakaniambia, "Kwani hatuna miti yetu? Si utumie mathenge?" Hoja nzuri, na inauma kidogo. Mathenge ililetwa miaka ya 70 na 80 kuzuia jangwa, ikaishia kuziba njia za mifugo na kuozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 watu wa Baringo waliishtaki serikali kwa sababu yake, na mbuzi asiye na meno akaletwa mahakamani kama ushahidi. Tumeizoea kama makaa na ua wa boma, tukasahau kwamba ni mbao ya maana: ngumu, nzito, na haivimbi ovyo ikikutana na maji. Lakini imepinda kama hadithi ya mlevi, na kupata kipande kirefu kilichonyooka ni bahati. Ukiipasua vibao vya milimita 3 ufunike ubao wote, utaongeza zaidi ya kilo tano. Kwa hivyo haitakuwa ngozi. Itakuwa pezi la chini na kipande cha pua, mahali panapogonga mawe. Hapo kipande kifupi kinatosha na ugumu ndio unaotakiwa.

Halafu kuna wale waliosema nishuke tu Turkwel nikakate mti mwepesi kando ya mto. Hapa ndipo Babu aliuliza: "Huo mti ni wa nani?"

Vijana wa mjini tunapita kando ya mto tukidhani ile miti imejiotea tu. Haikujiotea bila mwenyewe. Kuna ekwar, haki ya familia juu ya miti ya ukingo wa mto. Matunda ya ewoi yanayoanguka kiangazi ni chakula cha mbuzi wa familia fulani, na jirani anajua, na mtoto wa jirani anajua. Hakuna saini wala ramani, lakini ukikata hapo umekata akiba ya mtu. Wazee wa kwetu walichagua mbao kwa kuuliza kwanza nani anakula kutoka kwa mti huo. Sisi tunaanza na rangi.

Swali la Babu lilinifuata hadi Kakuma, kwa sababu fundi wangu yuko huko. Ni seremala wa rika langu, amezaliwa kambini, wazazi wake walitoka Kongo. Mkono wake kwa vinia ni balaa, anaunganisha vipande viwili usione mstari. Yeye ndiye alinionya nisitumie ile gundi ya makopo ya mafundi viatu, kwa sababu inayeyusha polisitirini, na gundi nyeupe ya mbao hailingani na ziwa. Epoksi pekee. Mashine ya kufyonza hewa hatuna, kwa hivyo tunakandamiza kwa magunia ya mchanga. Mchanga hatujawahi kukosa.

Kambi ya Kakuma ilianza 1992. Tangu hapo kuni zimekuwa chanzo cha ugomvi kati ya wenyeji na wakimbizi, na wanawake wameumizwa wakitafuta tu kitu cha kupikia. Kwa hivyo fundi wangu amekua akijua jambo ambalo mimi nilifundishwa na Babu: mti hauguswi hivihivi. Hatupi hata vipande vya sentimita tano.

Lakini kuna kitu kinanikera na nitakisema. Vinia imetoka bara, imepita Kitale, imepita Lodwar, imefika Kakuma, na hakuna aliyeiuliza inaenda wapi. Ubao ukiisha utafungwa juu ya gari hadi Lodwar, kisha ziwani, na hautaulizwa kitu. Aliyeutengeneza akitaka kutoka kambini aende auone ukielea, anahitaji kibali cha kusafiri, na kibali kinaweza kutoka au kisitoke. Yeye hajawahi kuliona hilo ziwa. Tunasifu "talanta za Kakuma" kila mwaka kwenye mabango, huku kazi ya mikono ya mtu ikiwa na uhuru kuliko mtu mwenyewe. Sioni vile hiyo inaweza kuwa sawa.

Uamuzi wangu ni huu. Nachukua vinia nyeupe ya bei rahisi, ile mafundi hubandika upande wa ndani wa kabati ambao mgeni haoni. Pezi na pua ni mathenge. Kwenye kibali, tumeshapeleka maombi, na ubao hautaingia majini kabla ya jibu. Mkichoka kungoja video, mjue mnangoja nini.

Na wewe ukienda kununua mbao, ya ubao, ya kitanda, ya mlango, uliza mambo matatu kabla ya rangi: ina uzito gani, jua litaifanya nini, na nani anaishi kwa huo mti. Picha itajipiga yenyewe.