Macho ya Bibi kwenye Picha

Picha ya simu ikitoka vibaya unaifuta. Ya kamera ya papo hapo haifutiki: karatasi imeshatoka, inapita mkono kwa mkono, na watoto wanaiamini.

Familia moja ya mkoani Singida ililiona hilo mwezi wa Septemba, wakati wa upepo na vumbi. Mjomba alikuja likizo na kamera hiyo, akampiga bibi picha uani usiku. Picha ilipojitokeza, bibi alikuwa na macho mekundu kama makaa, na juu ya kitambaa chake palielea miduara mitatu myeupe. Mjukuu wa miaka tisa akasema, "Bibi ana mizimu." Akakataa kulala chumbani kwa bibi.

Mama mtu hakucheka. Katika Kanda ya Ziwa na mikoa jirani, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yakifanywa ushahidi. Neno la mtoto likifika kwa majirani, nani atalirudisha?

Kesho yake usiku mjomba akaitumia kamera ileile kufundisha. Kwanza akampiga mtoto mwenyewe gizani: macho mekundu. "Kwa hiyo na mimi mchawi?" akauliza. Kisha wakakung'uta mkeka mbele ya lenzi: miduara ikajaa picha nzima. Asubuhi, baada ya kufuta lenzi, wakampiga bibi kivulini. Hakukuwa na kitu.

Sababu ni nyepesi. Gizani mboni hupanuka. Flashi iliyo karibu na lenzi hupenya hadi nyuma ya jicho na kurudi na wekundu wa damu. Vumbi lililo karibu na lenzi likimulikwa huonekana kama miduara. Wapo waliojipatia pesa kwa picha za kutisha: William Mumler wa Marekani aliuza picha za "mizimu" miaka ya 1860, akashtakiwa New York mwaka 1869, ingawa aliachiwa. Hata leo, baadhi ya kamera za papo hapo zinaweza kupiga picha mbili kwenye karatasi moja, na mtu akaonekana kama kivuli.

Lakini mtoto alibaki na swali: mbona macho ya bibi ni mekundu hata mchana? Bibi akamjibu mwenyewe: "Moshi wa kuni, mjukuu wangu. Macho haya yamempikia baba yako mpaka akakua."

Mzazi, mtoto akikuletea picha ya kutisha, usimkaripie wala usimwambie anyamaze. Mpe kamera arudie mwenyewe, kwa mwanga mwingine. Na kama nyumbani kuna mzee anayepika kwa kuni, mtafutie jiko lisilo na moshi mwingi na mpeleke akapimwe macho. Hofu ya mtoto huisha kwa siku mbili. Neno "mchawi" likishatoka nje ya ua, halina wa kulifuta.