Picha na Mwandishi Wetu

Nimekuwa kimya hapa kijiweni kwa wiki kadhaa, wengine mkaanza kusema nimepata mchumba. Hapana jamani, ni kazi, na uvivu kidogo. Leo nimerudi na habari ya watu wa maabara moja ya London, ila inaanzia hapa hapa Dar, kliniki ya wajawazito.

Jumanne nilimsindikiza dada yangu kupima altrasaundi, shemeji yuko safari. Mama aliyekuwa anapima akapitisha kifaa tumboni, mawimbi yakaanza kupanda na kushuka kwenye skrini, na pembeni kukawa na herufi mbili, PI, zikifuatiwa na namba. Waandishi hatujui kunyamaza, nikauliza. Akanieleza kwa upole kwamba namba ile inaonyesha damu inavyokwenda kwenye mshipa wa kitovu. Ikipanda kupita kiasi, huenda damu inapita kwa shida kwenye kondo la nyuma. Ya dada iko sawa, tunamshukuru Mungu.

Usiku nikaitafuta PI kwenye intaneti. Kumbe ina jina la mtu, wengine huiita kipimo cha Gosling. Hapo nikakaa vizuri kwenye kiti, kwa sababu jina hilo nilishakutana nalo mahali pengine kabisa.

Hadithi ya DNA wengi tunaijua juu juu: Watson na Crick, ngazi iliyojisokota, Tuzo ya Nobel mwaka 1962. Wanaofuatilia zaidi wanamjua pia Rosalind Franklin na ile Picha 51 ya eksirei, yenye alama ya msalaba katikati. Lakini mtu aliyeiweka nyuzi ya DNA mbele ya kamera na kuipiga hiyo picha, Mei 1952, alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu aliyesimamiwa na Franklin. Anaitwa Raymond Gosling.

Alikuwa King's College London, kwenye kitengo cha biofizikia kilichoongozwa na John Randall. Randall huyu ndiye aliyeshirikiana na Harry Boot mwaka 1940 kutengeneza kile kifaa kilichozipa nguvu rada za Waingereza wakati wa vita. Vita ilipoisha akakusanya wanafizikia, wanakemia na wanabiolojia, akawaambia wachunguze viumbe hai. Watu wakaiita sarakasi ya Randall. Maurice Wilkins alitokea kwenye mradi wa bomu la atomiki Marekani. Jean Hanson alikuwa anachunguza misuli, na mwaka 1954 yeye na Hugh Huxley wakaeleza jinsi inavyojikunja. Freda Ticehurst ndiye aliyekuwa na chumba cha picha. Vita nayo ilikuwa imeacha shimo la bomu kwenye uwanja wa chuo, na humo shimoni ndimo maabara mpya ya fizikia ilipokuja kujengwa. Sijui kama kuna mahali pazuri zaidi pa kuanzia upya.

Gosling alianza kwa kupewa manii ya kondoo dume ayapige eksirei (msicheke, ndiyo sayansi). Mwaka 1950 Wilkins akapata DNA safi kutoka kwa Rudolf Signer wa Bern. Ukiigusa na kuivuta, inatoka nyuzi nyembamba kama kamasi. Gosling akazipanga nyuzi hizo kwenye kibanio cha karatasi kilichokunjwa, akazigandisha kwa gundi. Kamera ilitakiwa ijazwe haidrojeni, na ikawa inavuja. Waliizibaje? Kwa kondomu. Na picha ikatoka nzuri.

Januari 1951 Franklin akafika kutoka Paris. Randall alikuwa amemwandikia kwamba kazi ya eksirei za DNA itakuwa yake, pamoja na Gosling. Wilkins hakuambiwa hivyo, akadhani amekuja kumsaidia yeye. Bosi mmoja, kauli mbili. Ofisi ngapi tunazijua za namna hiyo? Wale wawili hawakuelewana tena, na kijana akabaki katikati akipeleka maneno huku na huku.

Picha 51 ilihitaji saa zaidi ya 60 za kupigwa miale, unyevu ukiangaliwa usibadilike. Januari 1953, Franklin akijiandaa kuhama, Gosling akampelekea Wilkins ile picha, na Wilkins akamwonyesha Watson. Siku hizi wanahistoria wanasema picha peke yake haikutosha, kwamba vipimo vya Franklin vilivyokuwa kwenye ripoti ya kitengo ndivyo vilivyomsaidia sana Crick. Sawa. Aprili 25, 1953, jarida la Nature likatoa makala tatu kwa pamoja. Ya Franklin na Gosling ilikuwa ya tatu. Ile ya kwanza, ya Watson na Crick, inawashukuru mwishoni Wilkins, Franklin na wenzao.

Wenzao! Gosling yumo humo ndani ya "wenzao".

Franklin alifariki mwaka 1958 akiwa na miaka 37, na leo dunia inamlilia, ni haki yake. Gosling aliishi mpaka 2015. Alifundisha Scotland na West Indies, kisha akarudi London, kwenye hospitali, akapima mwendo wa damu kwa mawimbi ya sauti. Ndiko PI ilikotoka.

Sasa kwa nini nimekaa na habari hii siku nne nzima? Kwa sababu ya Rufiji.

Aprili 2024, wakati wa mafuriko, nilitumwa huko. Barabara ilipokatika nilipakiwa na kijana wa bodaboda, halafu tukaendelea kwa mtumbwi wa mjomba wake. Kamera yangu ikaingia maji. Yule kijana akatoa simu yake, yenye kioo kilichopasuka, akapiga picha ya bibi aliyekaa juu ya paa na kuku wake wawili. Picha ile ilibeba habari yote. Ilichapishwa kubwa, na chini yake maneno manne: Picha na Mwandishi Wetu. Mimi ndiye niliyeyaandika. Hakuna mhariri aliyenilazimisha. Nilikuwa na haraka, na kusema kweli nilipenda jinsi ilivyoonekana. Pongezi zikaja, nikasema asante.

Yeye alinitumia ujumbe: "Kaka nimeiona, imetoka safi." Basi. Nilijibu kwa kidole gumba.

Juzi nimempigia. Alidhani nimemkosea mtu namba. Nilipojitambulisha akafurahi, akaniambia bibi wa kwenye paa yupo, ila kuku mmoja alikufa. Nikamwomba radhi kuhusu jina. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kama gazeti hulipa picha.

Nikamwambia nitauliza. Mpaka ninapoandika haya sijauliza.