Kushoto kwa Kilimambogo

Mama huamka saa kumi alfajiri ili awahi sukuma wiki sokoni Madaraka zikiwa bado na umande. Nilijua hilo. Bado nikapanda juu ya ploti yetu Makongeni, Thika, penye kamba za nguo, nikiwa na simu, kigoda na mkebe wa Kimbo uliojaa mchanga wa kuegemezea simu. Nilidhani nitakuwa nimeshuka kabla hajanishtukia.

Ilikuwa mwisho wa Septemba 2024, na kila mtu mtandaoni alikuwa anaongea kuhusu nyota yenye mkia, Tsuchinshan-ATLAS. Jina ni refu kwa sababu ilionwa mara mbili mwaka 2023: kwanza na Wachina wa kituo cha Purple Mountain, kisha na darubini ya ATLAS iliyoko Sutherland, Afrika Kusini. Wengi waliiita kimondo. Kimondo ni kile kijiwe kinachowaka sekunde moja kikapotea. Hii ni bonge la barafu na vumbi, na hukaa angani wiki kadhaa. Kazi ni wewe kuiona. Tarehe 27 Septemba ilikuwa imelikaribia jua kuliko siku nyingine yoyote, na sisi wa huku ikweta tungeipata mashariki, chini kabisa, kama saa kumi na moja hivi, kabla mwanga wa alfajiri haujaifuta.

Lakini Thika na alfajiri! Wingu la chini lilikuwa limelala juu ya mji, taa za barabarani zikalipaka rangi ya chungwa. Nilikuwa naelekeza simu kushoto kwa Kilimambogo, na hata Kilimambogo wenyewe siuoni. Siku ya kwanza, wingu. Ya pili, wingu. Ya tatu nikapata mwezi mwembamba kama ukucha, ukachungulia dakika mbili ukarudi ndani.

Ya nne, mlango wa ngazi ukalia.

"Baba, ni wewe?"

Mimi ni mtoto wake wa pili wa kiume, nimepewa jina la babake, kwa hivyo huniita baba. Hata akikasirika.

"Unapiga picha ya nini na hakuna kitu?"

"Kuna nyota iko nyuma ya mawingu."

Akaangalia juu kwa muda, kwa heshima kabisa. "Hiyo ni ya shule?"

Ningesema ndiyo tungemalizia hapo. Miezi kumi na minne nilikuwa nasema ndiyo. Watu nawaambia niliacha chuo mwaka wa tatu kwa kukosa karo, na wanaelewa, kwa sababu wengi wetu ndiyo hadithi yetu. Ila mimi karo ilitumwa. Mama alikopa kwa chama akanitumia, nikalipa madeni ya keja yangu Ruiru, nikanunua laptopu ya kuandikia watu makala. Muhula uliofuata akatuma tena. Nikala tena.

"Hapana," nikamwambia. "Shule niliacha."

Hakupiga kelele. Aliuliza tangu lini, nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, nadhani mizunguko ya chama, kisha akasema mwenye mkokoteni anamngoja. Nilisikia malapa yake mpaka chini.

Siku hiyo hiyo nikarudi Ruiru. Nikaanza kumtumia pesa kwa M-Pesa, elfu moja, elfu moja na mia tano. Ziliingia. Jibu hakuna.

Tarehe 12 Oktoba kometi ilikuwa karibu zaidi na dunia, kilomita kama milioni 71, na sasa ilikuwa imehamia jioni, magharibi, kulia kwa Zuhura. Mawingu nayo yakahama nayo. Nikajifunza kwamba macho yanataka pengo kubwa, simu inatosheka na dogo. Unazima flashi, unaweka ISO 800 na sekunde nane, unaiambia isubiri sekunde mbili ili kidole kisiitikise. Ukizidisha sekunde, nyota zinakuwa vistari, maana dunia inazunguka na wewe juu yake. Jioni ya tarehe 15, nikiwa juu ya nyumba karibu na baipasi, nilipiga picha 214. Mawingu ni 209.

Kwenye zile tano kuna kidoa, na juu yake kitu kama pumzi kwenye kioo. Mkia unaelekea juu, mbali na jua lililozama, kwa sababu jua ndilo linaousukuma. Macho yangu hayakuiona hata mara moja. Nasema hivyo kwa sababu wenzangu wanaoweka picha mtandaoni huandika kana kwamba waliikuta imesimama inawangoja.

Nilimtumia Mama moja WhatsApp, bila maneno. Tiki zikawa buluu saa tatu usiku. Nusu saa baadaye akaandika:

"Mkia uko wapi?"

Nikachora duara jekundu, nikamtumia tena.