Hidaya na Kimbunga

Mapema mwezi wa Mei 2024, binti mmoja wa chuoni kwetu alikosa kusoma siku mbili. Tulipomuuliza mamake, alituambia kuwa mtoto analia, kwani wenziwe wamempa lakabu ya Kimbunga. Jina lake ni Hidaya.

Tuliona tujielimishe kwanza, kisha tuwasomeshe wao. Vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi hufuatiliwa kutoka kisiwa cha Réunion. Majina hupendekezwa na nchi za ukanda huu na kupangwa kwa alfabeti kabla msimu haujaingia. Dhoruba ikifikisha upepo wa kilomita 63 kwa saa hupewa jina lililo zamuni, likatangazwa na Madagaska au Morisi, kwa kutegemea mahali ilipo. Msimu ule walikwisha pita Alvaro, Belal na wengineo hadi Gamane. Zamu ya herufi H ikamwangukia mtoto wetu. Hapana aliyekusudia kulivunjia heshima jina ambalo kwa Kiarabu ni uongofu, na kwa Kiswahili chetu ni tunu.

Kilichotushughulisha zaidi ni daraja. Kilomita 63 hadi 88 ni dhoruba ya wastani. 89 hadi 117 ni dhoruba kali. Kuanzia 118 ndicho kimbunga, na juu yake zipo daraja mbili nyingine. Hidaya kilifika daraja ya kimbunga, kisha kikapungua nguvu kabla ya kuingia Mafia, Tanzania, tarehe 4 Mei. Ndugu yetu mmoja mvuvi akatujia barazani: "Sheikh, wamesema kimeshushwa daraja. Mimi natoka." Tukamshika mkono. Daraja hupima kasi ya upepo tu. Haipimi mvua wala mawimbi, nayo ndiyo huzamisha mashua. Alibaki, lakini kwa kununa, na hatumlaumu, maana siku isiyo na samaki ni siku isiyo na unga.

Hidaya alirudi chuoni. Tulipowaeleza wanafunzi habari ya herufi, Idi na Issa wakatazamana kwa hofu, wala hawakutulia mpaka walipoambiwa kuwa jina la zamu hiyo limekwisha andikwa: Ialy.

Kabla ya mwezi kwisha Ialy kikaja kweli, karibu zaidi na pwani yetu. Safari hii yule mvuvi hakuja kutuuliza. Mashua alikuwa keshaifunga.