Maji ya mchele

Yaya alipojichubua kwa mkorogo, mashavu yaliungua hadi jua la Nyarugusu likawa adui yake. Usiku alilia, mi nikijifanya nimelala.

Kisha binti wa jirani akatuonyesha kwenye simu wasichana wa Korea: mafuta kwanza, halafu sabuni, losheni, krimu, asubuhi krimu ya kukinga jua. Hatua kumi! Nani ana pesa hiyo, na maji ya kunawa mara mbili? Tulicheka. Ila moja tulilielewa: zamani wanawake wa Korea na Japani walinawa uso kwa maji yaliyooshea mchele. Hayo hayo mi nilikuwa namwaga tu.

Sasa tukipata mchele Yaya ananawa, na akienda bombani anajifunika kitenge. Makovu bado yapo. Mkorogo aliutupa chooni mwenyewe. Mi nilishika tochi.