Chanjo ya Homa ya Mafua

Katika Chome, chini ya kilele cha Shengena, kipupwe huwakusanya watu penye moto, na kikohozi cha mmoja huwa cha wote. Wengi huita kila kamasi mafua, wakayadharau. Homa ya mafua ni jambo jingine: mwaka 1918 iliua mamilioni ya watu duniani, na Afrika ya Mashariki haikusalimika.

Kirusi chake hubadilika kama mwizi abadilishaye kanzu. Hivyo kinga ya mwaka jana haitoshi mwaka huu. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani huchagua upya aina za kuchanjia mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba. Mwili huhitaji kama majuma mawili kujenga kinga. Basi wakati wa sindano ni kabla ya baridi, si baada ya homa kuingia nyumbani.

Si kila zahanati iliyo nayo. Ikipatikana, mja mzito, mkongwe, mtoto mdogo na mwuguzi watangulie. Chanjo haizuii kila homa, lakini hupunguza ukali wake. Kijana mwenye afya aweza kusema kuwa homa hii haitamwua. Pengine ni kweli. Lakini bibi yake, aotaye moto pamoja naye, hana nguvu hizo. Sindano ya mmoja yaweza kuwa ngao ya wawili.